Kura ya Mwanamke Nyanda za Juu Kusini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ndiyo yanayorudi kila linapofika suala la daftari na kura katika mikoa ya Mbeya, Songwe, Njombe na Iringa. Mengi huulizwa na wanawake wenyewe, mengine na waume au wana wao. Majibu yanahusu Tanzania Bara, isipokuwa pale tulipotaja kwingine, na jambo lililokwisha kuelezwa halirudiwi: tunaelekeza kwenye namba ya swali lake.

## Tulikotoka

1. Wanawake wa Tanganyika walianza kupiga kura mwaka gani?

Jibu fupi ni 1958, lakini likiachwa hivyo linapotosha. Uchaguzi wa kwanza wa wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria ulifanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959, na sheria yake haikumzuia mwanamke kwa sababu ya jinsia yake. Ilimtaka mpiga kura yeyote awe na umri wa miaka 21, awe ameishi nchini kwa miaka mitatu, kisha awe na angalau kimojawapo kati ya vitu vitatu: elimu ya darasa la nane, kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au wadhifa unaotambuliwa na serikali kama vile uchifu. Mwanamke wa Rungwe au Mufindi aliyelima shamba la familia, ambaye shule ya wasichana iliyokuwa karibu naye iliishia madarasa ya chini, ambaye mazao yake yaliuzwa kwa jina la mumewe, na ambaye uchifu haukuwa wa kwake kurithi, alikosa vyote vitatu. Katika nchi yenye watu zaidi ya milioni nane, walioandikishwa hawakufika 60,000.

Uchaguzi wa Agosti 1960 ulilegeza masharti. Kujua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza kulitosha, na kiwango cha kipato kilishushwa. Hata hivyo, kati ya viti 71 vilivyogombewa, 58 vilipata mgombea mmoja tu aliyepita bila kupingwa, kwa hiyo sehemu kubwa ya nchi haikuwa na kura ya kupiga. Watu wazima wote walipewa haki hiyo bila sharti la shule wala fedha katika uchaguzi wa rais wa tarehe 1 Novemba 1962, ambapo Julius Nyerere wa TANU alishindana na Zuberi Mtemvu wa African National Congress. Anayetaka kuadhimisha mwaka ambao mwanamke wa kawaida wa kijijini alishika karatasi ya kura kwa mara ya kwanza, kwa maoni yetu aadhimishe 1962.

Zanzibar ina historia yake: uchaguzi wa Julai 1957 ulikuwa wa wanaume tu, na wanawake walianza kupiga kura mwaka 1961.

2. "Kura tatu" ilikuwa nini, na kwa nini wazee huitaja kwa uchungu?

Ni utaratibu wa uchaguzi wa 1958 na 1959. Kila jimbo lilikuwa na viti vitatu, kimoja cha Mwafrika, kimoja cha Mwasia na kimoja cha Mzungu, na mpiga kura alilazimika kuchagua watu watatu, mmoja kutoka kila kundi. Makundi yenye watu wachache yalipewa uzito sawa na Waafrika waliokuwa karibu nchi nzima. TANU iligawanyika juu ya kushiriki au kususa, na mkutano wa Tabora wa Januari 1958 uliamua kushiriki. Mtemvu hakukubaliana na uamuzi huo, akajitoa na kuanzisha chama chake.

Ubishi wa Tabora haujaisha. Sura yake ya leo imo katika swali la 17.

3. Bibi Titi Mohamed alifanya nini hasa?

TANU ilianzishwa tarehe 7 Julai 1954, ikiwa karibu ya wanaume watupu. Mwaka 1955 mgeni kutoka chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, aliwauliza viongozi wake wako wapi wanawake, na swali hilo liliwafedhehesha. Bibi Titi, aliyekuwa akijulikana Dar es Salaam kwa ngoma ya lelemama, ndiye aliyekabidhiwa kazi ya kuwaingiza. Alianza na alichokuwa nacho, yaani vikundi vya ngoma vya wanawake, ambavyo tayari vilikuwa na viongozi, michango na utaratibu wa kupashana habari, na kwa miezi michache maelfu ya wanawake walichukua kadi za chama.

Wengi wa wanawake hao hawakuwa na sifa za kupiga kura mwaka 1958. Walikodisha vyumba vya mikutano, walificha wasafiri wa chama, walitoa vito vyao kuchangia safari, kisha siku ya uchaguzi wakatazama wengine wakipiga kura. Hilo halitajwi vya kutosha katika sherehe za Desemba. Baadaye Bibi Titi akawa mwenyekiti wa kwanza wa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika (UWT), akawa mbunge, na mwaka 1965 akashindwa na wapiga kura wa Rufiji.

4. Nyanda za Juu Kusini zilikuwa na nafasi gani?

Nafasi kubwa kuliko tunavyokumbuka. Wanawake watatu walichaguliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria katika uchaguzi wa kura tatu wakiungwa mkono na TANU: Sophia Mustafa wa Jimbo la Kaskazini, Barbro Johansson aliyetoka Sweden, na Lady Marion Chesham, mlowezi wa Iringa mzaliwa wa Marekani. Hakuna kati yao aliyekuwa Mwafrika, na sababu zake zimo katika majibu ya 1 na 2.

Miongo iliyofuata ilileta sura nyingine. Anne Makinda, mzaliwa wa Njombe, aliingia bungeni mwaka 1975, akawa mbunge wa Njombe Kusini, na kuanzia 2010 hadi 2015 akawa mwanamke wa kwanza kuwa Spika. Tulia Ackson alichaguliwa mbunge wa Mbeya Mjini mwaka 2020, akawa Spika Februari 2022, na Oktoba 2023 akachaguliwa rais wa Umoja wa Mabunge Duniani. Ukimwongeza Chifu Adam Sapi Mkwawa wa Iringa, nyanda hizi zimelipatia Bunge maspika watatu, wawili wao wanawake.

5. Bibi yangu ana zaidi ya miaka themanini na anasema alipiga kura "ya uhuru". Nitajuaje ni uchaguzi upi?

Kumbukumbu za wazee huchanganya chaguzi, na hilo ni la kawaida. Usimuulize mwaka, muulize alichokiona. Akikumbuka picha za jembe na nyumba kwenye karatasi, anazungumzia uchaguzi wa wabunge wa enzi ya chama kimoja, ulioanza 1965, ambapo wagombea wawili wa chama kilekile walitofautishwa kwa alama hizo. Akikumbuka kusema ndiyo au hapana kwa mtu mmoja, hiyo ni kura ya rais ya enzi hiyohiyo. Akikumbuka Nyerere na mpinzani, ni 1962, na hapo lazima awe amezaliwa 1941 au kabla, kwa kuwa umri wa kupiga kura ulikuwa miaka 21.

Muulize pia alitembea kutoka wapi, nani alibaki na watoto, nani alimwambia jina la kuchagua, na kama alikubali kuambiwa. Mrekodi kwa simu katika lugha anayoimudu vizuri, iwe Kihehe, Kibena, Kinyakyusa, Kisafwa au Kikinga, kisha uandike Kiswahili chake pembeni. Kadi za zamani za chama au za UWT zipigwe picha pande zote mbili kabla panya hawajazimaliza.

6. Je, tulichelewa kuliko nchi nyingine?

New Zealand ilitangulia mwaka 1893. Uingereza, iliyokuwa ikitutawala, iliwapa wanawake wake kura mwaka 1918 kwa waliotimiza miaka 30 na kuwalinganisha na wanaume mwaka 1928. Uswisi ilisubiri hadi 1971, miaka tisa baada ya mwanamke wa Tanganyika kumpigia rais kura.

## Daftari na kadi

7. Nani ana haki ya kuandikishwa leo?

Ibara ya 5 ya Katiba inampa haki kila raia wa Tanzania aliyetimiza miaka 18. Wakati wa uboreshaji wa Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi huandikisha pia kijana ambaye atatimiza miaka 18 ifikapo siku ya uchaguzi, kwa hiyo binti aliye kidato cha nne au cha tano asijiondoe mwenyewe kwa kudhani ni mdogo. Hakuna sharti la kusoma, la kipato wala la ndoa.

Daftari linalotumia alama za vidole lilianza katika mikoa yetu: uandikishaji wa mfumo huo ulizinduliwa Makambako, mkoani Njombe, Februari 2015.

8. Niliandikishwa kwa wazazi Tukuyu, nimeolewa Mafinga. Nifanyeje?

Uhamishe taarifa zako wakati wa uboreshaji. Usijiandikishe upya kana kwamba hujawahi kuandikishwa, kwa sababu kujiandikisha mara mbili ni kosa la jinai lenye adhabu ya faini au kifungo, na alama za vidole huonyesha. Fika kituoni ukiwa na kadi ya zamani. Utapigwa picha na kupewa kadi mpya ya kituo kipya. Katika uboreshaji wa 2024 na 2025 iliwezekana kuanza hatua hizo kwa simu au kompyuta na kumalizia kituoni.

Aliyebadili jina baada ya ndoa arekebishe jina wakati huohuo. Sheria haimlazimishi mwanamke kuchukua jina la mume. Jambo la muhimu ni kwamba jina la kwenye kadi lifanane na la kitambulisho kingine, kwa sababu iliyoelezwa katika swali la 10.

9. Navuna chai Mufindi, lakini kadi yangu ni ya Ludewa. Naweza kupiga kura hapa?

Kwa kawaida mtu hupigia kura kituo alichoandikishwa. Hili linawagusa wanawake wengi wa nyanda hizi kuliko linavyotajwa: wachuma chai, wanaokwenda kupandikiza mpunga Usangu na Kyela, wanaopika kwenye kambi za mbao, wafanyabiashara wa viazi wanaolala Makambako na Uyole. Kura ya mbunge na diwani ni ya eneo lako la kuandikishwa, na ukiwa mbali siku hiyo umeipoteza.

Shauri letu ni la kupanga mapema. Ukikaa sehemu ya kazi kwa muda mrefu wa mwaka, hamishia taarifa zako huko. Ukiwa mgeni wa msimu tu, baki na kituo cha nyumbani, ukikumbuka kwamba Oktoba ni mwezi wa kuandaa mashamba kabla ya mvua za Novemba, na wengi hurudi kijijini kwa kazi hiyo. Katika chaguzi za 2020 na 2025 siku ya kura ilitangazwa kuwa ya mapumziko, lakini mapumziko ya siku moja hayamfikishi mtu Ludewa na kumrudisha.

10. Kadi yangu imepotea na uboreshaji umekwisha.

Usikate tamaa kabla ya kutazama orodha inayobandikwa kituoni. Katika uchaguzi wa 2020 na wa 2025 Tume iliruhusu aliyemo daftarini, lakini kadi yake imepotea au kuharibika, atumie kitambulisho cha taifa, pasipoti au leseni ya udereva, mradi majina yafanane. Kitambulisho peke yake hakimsaidii mtu ambaye jina lake halimo daftarini.

11. Mume wangu hukaa na kadi yangu. Na mjumbe wa nyumba kumi anakusanya namba za kadi. Ni halali?

Kadi ni ya mtu aliyetajwa juu yake. Mume anaweza kukutunzia kama anavyokutunzia cheti, lakini akikunyima siku ya kura anakunyima haki ya kikatiba, na mtu yeyote anayenunua, kuuza au kushikilia kadi za wengine anavunja sheria. Mjumbe wa chama hana mamlaka ya kudai namba ya kadi. Mara nyingi anayekusanya namba hataki kuiba chochote. Anataka uamini kwamba atajua ulivyopiga kura. Hawezi kujua, kama swali la 13 linavyoeleza.

## Siku ya kura

12. Vituo hufunguliwa saa ngapi, na nina mtoto mgongoni?

Saa 1:00 asubuhi hadi saa 10:00 jioni. Aliyekwisha kuwa kwenye mstari saa kumi inapogonga ana haki ya kupiga kura. Wajawazito, wanaonyonyesha, wazee, wagonjwa na wenye ulemavu hupewa kipaumbele; mwambie karani mwongozaji, usingoje aone mwenyewe.

13. Sijui kusoma, na naogopa mtu atajua nilivyochagua.

Karatasi ya kura ina picha ya mgombea, jina na alama ya chama, kwa hiyo wengi wasiosoma hupiga kura bila msaada. Anayehitaji msaidizi huchagua mtu anayemwamini, ambaye hawezi kuwa msimamizi wa kituo wala wakala wa chama, na msaidizi mmoja humsaidia mpiga kura mmoja tu. Kwa asiyeona kuna kifaa chenye nukta nundu kinachomwezesha kupiga kura peke yake.

Mume, mama mkwe au mwenyekiti hana haki ya kuingia nawe kwenye kituturi bila wewe kumwomba. Karatasi haina jina lako, na ikishaingia sandukuni inachanganyika na mamia ya nyingine. Kwa anayesisitiza kwamba familia moja ni kura moja, Katiba huhesabu watu.

14. Uchaguzi wa mwenyekiti wa kijiji hutumia kadi hiyohiyo?

Hapana, na kosa hili huwagharimu wanawake wengi. Uchaguzi wa serikali za mitaa, ambao wa mwisho ulifanyika tarehe 27 Novemba 2024, una orodha yake inayoandikwa upya wiki chache kabla, chini ya kanuni za waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa. Mwenye kadi ya Tume ambaye hakwenda kujiandikisha katika orodha hiyo hapigi kura.

Wengi huupuuza uchaguzi huu, na kwetu huo ndio wa kwanza kupigania. Halmashauri ya kijiji husimamia ardhi ya kijiji, na katika Njombe, Mufindi na Rungwe, ambako mashamba ya miti na parachichi yamepandisha thamani ya kila ekari, maombi ya wawekezaji huanzia kwenye meza hiyo na mkutano mkuu wa kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inataka Baraza la Ardhi la Kijiji liwe na watu saba, watatu wao wanawake. Mjane anayenyang'anywa shamba na shemeji zake huanzia huko. Karatasi ya kura ya kijiji ina pia kundi la wanawake miongoni mwa wajumbe wa halmashauri, na nafasi hizo zikikosa wagombea wenye msimamo hujazwa na yeyote aliyekuwapo.

## Wanawake kugombea

15. Viti maalumu ni nini, na kura yangu inaviathiri vipi?

Katiba inataka wabunge wanawake wa viti maalumu wasipungue asilimia 30 ya wabunge wengine. Mwaka 1985 walikuwa 15. Mwaka 2020 walifika 113. Hugawiwa vyama vilivyopata angalau asilimia tano ya kura halali za ubunge nchi nzima, kwa uwiano wa kura hizo. Maana yake ni kwamba kura yako ya mbunge inahesabiwa mara mbili: jimboni, na katika hesabu ya taifa. Hata mgombea wako akishindwa Mbozi, kura aliyoipata inaongeza idadi ya wanawake wa chama chake bungeni.

Majina, hata hivyo, hupangwa na vyama, na mbunge wa aina hii hana jimbo la kumwajibisha. Tunaona viti hivi vilifungua mlango uliokuwa umefungwa, lakini vimewapa pia wazee wa vyama kisingizio cha kumwambia mwanamke anayetaka jimbo aende viti maalumu.

16. Mwanamke anaweza kugombea bila chama?

Kwa sheria ya sasa, hapana. Lazima apendekezwe na chama. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua mwaka 2013, katika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila, kwamba katazo hilo linakiuka Mkataba wa Afrika, lakini Katiba haijabadilishwa. Masharti mengine ni mepesi: kwa ubunge, umri wa miaka 21 na kujua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza.

## Maswali magumu

17. Baada ya Oktoba 2025, kwa nini nijisumbue?

Swali hili linaulizwa kwa hasira, na linastahili jibu lisilozunguka. Uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025 ulifanyika wakati chama kikuu cha upinzani kikiwa nje ya karatasi ya kura na mwenyekiti wake akiwa gerezani kwa shtaka la uhaini. Kulikuwa na maandamano na vifo katika miji kadhaa, Mbeya ukiwamo, na intaneti ilizimwa. Tume ilitangaza mahudhurio ya takribani asilimia 87 na ushindi wa karibu asilimia 98. Waangalizi wa Umoja wa Afrika walisema uchaguzi haukufikia viwango vya umoja huo, na wale wa SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, walitaja kasoro nzito pia.

Hatutamwambia mtu kwamba kukaa nyumbani ni ujinga. Kupiga kura si lazima kisheria, na kususa kuna historia yake, kama swali la 2 linavyoonyesha. Mahudhurio rasmi yaliwahi kushuka hadi karibu asilimia 43 mwaka 2010. Tunasema mambo mawili tu. Kwanza, kutopiga kura mwaka mmoja hakukulazimishi kutoka daftarini. Taarifa zako ziwe sahihi ili uamuzi ubaki wako. Pili, uchaguzi wa kijiji na mtaa (swali la 14) unaamuliwa na watu unaowajua, wakati mwingine kwa tofauti ya kura chache, na huko ndiko shamba lako lilipo.

18. Mgombea akiwa mmoja, bado tunapiga kura?

Ndiyo. Sheria ya uchaguzi ya 2024 iliondoa kupita bila kupingwa kwa mbunge na diwani. Mgombea pekee hupigiwa kura.

19. Ndugu yangu yuko mahabusu. Amepoteza haki yake?

Mahabusu hajahukumiwa, na kuwekwa ndani peke yake hakumfuti daftarini. Katika uboreshaji wa 2024 na 2025 Tume iliweka vituo vya kuandikisha magerezani kwa mahabusu na kwa wafungwa wenye vifungo vya chini ya miezi sita.

20. Matokeo yanaweza kupingwa mahakamani?

Ya ubunge, ndiyo: shauri hufunguliwa Mahakama Kuu ndani ya siku 30 baada ya matokeo kutangazwa, na mpiga kura wa jimbo husika anaweza kulifungua. Ya urais, hapana: Ibara ya 41(7) ya Katiba inazuia mahakama kuchunguza matokeo hayo yakishatangazwa na Tume. Mahakama ya Afrika ilitamka Julai 2020 kwamba kizuizi hicho kinakiuka Mkataba wa Afrika, na kama ilivyo kwa swali la 16, ibara bado inasomeka vilevile.